Wanzala na Mama Mkwe Kwenye Njia Nyepesi

Wanzala alikuwa amesimama mlangoni mwa basi dogo, pale barabara ya gari inapokomea chini ya mlima Wanale, akipeana mikono na akina mama waliokuwa wakishuka. Walitoka Budondo, upande wa Jinja. Mikono mingine ilikuwa laini, mingine ya jembe. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwa mama aliyefuata ndipo akainua macho na kumwona ni nani. Aliurudisha mkono nyuma ya mgongo kama aliyeshika sufuria ya moto. Yule mama naye, mguu mmoja ukiwa bado kwenye ngazi, akageuzia uso wake bati la basi na kuvuta kitambaa cha kichwa hadi kikamfunika macho.

Alikuwa mama mkwe wake.

Akina mama waliokwisha kushuka waliona, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wasoga wa Budondo na Wamasaba wa huku hawafanani kwa mengi, lakini kwa hili ni ndugu. Mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wakigusana, watu wanasema mwili huanza kutetemeka, mikono kwanza, na hautulii tena. Wasoga wanauita ugonjwa huo obuko, na katika kila kijiji yupo mzee atakayekuonyesha kwa kidole nyumba ya aliyeupata.

Asiyeelewa alikuwa Conrad peke yake. Huyu ndiye mwenye ofisi ndogo ya kutembeza wageni mjini Mbale, kijana aliyekulia kwenye nyumba za kupanga Kampala, na mambo ya ukoo aliyasikia kama habari za redioni.

"Wanzala, mupatie mama mukono," alisema. "Hiyo ni karibu gani sasa?"

Wanzala alikuwa amekwisha kuzunguka basi, amesimama upande wa pili, paji la uso limegusa kioo, kama mtu aliyefumaniwa. Kati ya watu wote wa Uganda, alikuwa ameletewa huyu. Na amwongoze kutwa nzima, kwenye njia ambayo watu wawili hawawezi kupita sambamba.

Kwa Wanzala hilo halikuwa jambo la aibu tu. Mke wake Juliet alikuwa amekaa kwa mama huyo tangu msimu wa mvua uliopita, na mtoto wao Daphine alikuwa naye huko huko.

Juliet alikuja Mbale akiwa msichana, akashona nguo kwenye kibanda cha shangazi yake, mtaa wa Malukhu. Wanzala siku hizo alibeba magunia kwenye kinu cha mpunga upande wa viwandani, na kila Jumamosi alipeleka suruali yake ishonwe, hata ilipokuwa haijachanika. Walioana kwa utaratibu wote. Siku ya kutambulishwa Budondo alimwona mama mkwe kwa mbali, akiwa amepiga magoti kati ya akina mama, amevaa gomesi ya zambarau, kichwa chini. Watu walimwita Nabirye, kwa kuwa alizaa mapacha baada ya Juliet, na mumewe wakamwita Isabirye kwa sababu hiyo hiyo. Mzee Isabirye alikuwa askari wa magereza mstaafu. Alimpenda Wanzala. Alikuwa akimwita "afande" kwa utani, eti kwa jinsi alivyosimama wima kama kuruta mbele ya wakwe.

Kisha Wanzala akaacha magunia akaingia kwenye kazi ya kuwaongoza wageni kwenye njia za miguu. Alizijua tangu utotoni, kwani ndizo alizopita na mikungu ya ndizi kichwani kushuka sokoni. Conrad alikuwa amebandika mjini karatasi zenye picha za maporomoko, zikisema njia nyepesi za bondeni, hata bibi yako anaweza. Kwa wenye nguvu zaidi kulikuwa na safari ya juu kabisa, mlimani kwenye mapango na baridi, ambako simu ni kipande cha plastiki tu. Ni huko alikokuwa Wanzala, mzee Isabirye alipofariki. Aliposhuka na kuwasha simu, ujumbe ulimiminika mpaka simu ikawa moto mkononi. Alipanda gari la Jinja siku hiyo hiyo akakuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Pale wakwe wanaposimama na sanda wanazoleta kumzikia baba mkwe palikuwa wazi, na msiba mzima ulikuwa umepatazama. Nabirye hakusema naye, na asingeweza kusema naye. Alituma tu neno kwamba Juliet atapumzika kidogo nyumbani. Wanzala alimtuma rafiki yake Swaib kuomba mara kwa mara. Swaib alirudi kila mara ameshiba chakula na mikono mitupu.

Sasa alikuwa amejificha nyuma ya basi, akimsihi Conrad kwa sauti ya chini ampe Adrisi, mwongozaji mwenzake, kundi hili. Conrad alimkumbusha kwamba Adrisi yuko mlimani na Wazungu. Akauliza kama basi lirudi Budondo na akina mama na vyakula vyao, kisa bwana mmoja anaogopa shikamoo.

Aliyelimaliza shauri alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hao, Twaibah, mama mnene, Mwislamu, muuza nguo wa magulio, aliyezungumza Kiswahili kama mtu wa Mombasa na kutania kila kiumbe. Nabirye alimnong'oneza kitu. Twaibah akazunguka basi.

"Mkwe wetu, mama yako anasema hajaja kutazama magurudumu. Amekuja kutembea. Tangulia, yeye atakaa mwisho kabisa."

Basi wakaanza. Wanzala mbele na fimbo yake, akina mama katikati, Nabirye nyuma. Kazi yake ilikuwa na kanuni moja aliyoifundisha kila mgeni: weka mguu nilipotoa wangu. Kwa kawaida aligeuka mara kwa mara kuhakikisha. Leo hakugeuka. Shingo ilikakamaa kama aliyelalia jiwe, na akina mama wakamwona na kufurahi. Walimwambia anatembea kama bibi harusi. Racheal, aliyekuwa mdogo kuliko wote kwenye kikundi, aliuliza kama mkwe akipiga chafya naye mama mkwe atalazimika kuhama njia, na kicheko kikatembea mstari mzima mpaka mwisho, kikafia hapo.

Njia ilikuwa nyepesi kweli. Ilipita kando ya mto mdogo, chini ya migomba, ikaingia kwenye mashamba ya kahawa, ikatoka tena mtoni. Ukuta wa Wanale ulisimama juu yao, na maji yaliyokuwa yakianguka kutoka ukingoni yalionekana kama nyuzi nyeupe zilizoanikwa. Nyuma yao mabati ya mji yaling'aa, na moshi wa viwandani ulilala chini bila kwenda popote. Akina mama walitembea kama wakulima. Walishika majani ya kahawa, wakabishana juu ya nafasi kati ya shina na shina, wakasikitikia mgomba ulioachwa na machipukizi mengi. Mmoja alisema kwao mto ni Nile, mkubwa hata unachosha macho, lakini huu unaweza kuuchukua ukaenda nao nyumbani.

Wanzala alisikia yote hayo kwa sikio moja. La pili lilikuwa nyuma kabisa, kwa mtu ambaye hakusema neno. Na kadiri walivyopanda, wazo lilimwingia, likamkaa. Pengine hii ndiyo nafasi. Akionyesha heshima leo, heshima isiyo na doa, huyu mama atarudi Budondo na kusema: nimekosea, yule ni mtu mwenye adabu. Pengine Juliet atarudi. Tangu wazo hilo lilipomwingia aliongeza heshima kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi gizani.

Mahali njia inapovuka mto palikuwa na magogo mawili yaliyolazwa pamoja, maji yakiwa chini ya goti. Alisimama majini, akampa kila mama mkono. Ilipofika zamu ya Nabirye, Wanzala alipanda ukingo, akaenda mpaka kwenye mwamba, akasimama ameutazama kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Twaibah alimvusha mwenzake. Akina mama walitazama jambo hilo wakaridhika. Mama mmoja mzee alisema vijana wa sasa wachache wana malezi kama hayo, na Wanzala akayasikia maneno yale yakimshuka tumboni kama chai ya moto.

Chini ya maporomoko walifungua vyakula. Yeye alikula nyuma ya jiwe. Nabirye alikaa amempa jiwe mgongo, na maswali yakaanza kuja kupitia kwa Twaibah, ingawa sauti zenyewe zilisikika bila msaada.

"Muulize, hiyo njia ya juu kabisa inaanzia wapi."

"Anauliza njia ya juu inaanzia wapi."

Wanzala alieleza kwamba hapa haionekani, iko nyuma ya ukuta ule na mlima mwingine, na gari huchukua nusu siku kufika tu mwanzo wake.

"Muulize mtu akiwa huko kwenye mapango, anashuka kwa muda gani."

Alijibu kwamba asiyelala njiani huvunjika mguu, kwa hiyo analala. Twaibah akayarudia. Nabirye akaacha kutafuna.

Wakati huo jua lilikuwa linawaka bondeni, lakini juu ya ukingo wa Wanale mawingu yalikuwa yamekuwa meusi, na nyuzi zile nyeupe zilianza kunenepa. Wanzala aliziona. Aliwaambia akina mama wafunge vyakula, twende, tena upesi. Wao walitazama jua wakamwona mtu wa wasiwasi, ila walimtii.

Kwenye magogo maji yalikuwa yamebadilika rangi kidogo tu, kama chai iliyotiwa maziwa machache. Aliingia, yakamfika juu ya goti. Aliwavusha haraka. Nabirye, alipoona mkwe wake amesimama mtoni akitazama upande wake, alifanya alichofundishwa tangu hajavunja ungo: aliingia kwenye migomba akajificha. Twaibah alivuka wa mwisho katika wale wengine. Alipofika akamwambia Wanzala sasa aondoke, mama apite.

Na Wanzala akaondoka. Hakusimama karibu na mto kama asubuhi. Alikwenda mbele zaidi, akapita kona, akasimama mahali ambapo hata angegeuka asingeona mto. Alitaka isisemwe kwamba aliiba jicho. Alikunja mikono, akasubiri, akiwa na furaha ndogo kifuani, furaha ya mtu anayefanya jambo vizuri.

Nyuma ya migomba Nabirye naye alisubiri. Hakuweza kuona kama mkwe amekwisha kwenda, na hakutaka kuchungulia, maana kuchungulia ndiko kuonana kwenyewe. Twaibah alimwita aje. Yeye akakaa kidogo zaidi, awe na hakika. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi, na katika nafasi hiyo maji yakaja.

Wanzala alisikia mngurumo kwanza. Akasikia Racheal akipiga yowe. Alipofika ukingoni alikuta mto mwingine, mwekundu, umejaa matawi na mawe yanayogongana chini, na katikati yake Nabirye ameshikilia gogo moja kwa mikono miwili, gomesi imejaa maji na kuvimba kama tanga, miguu haionekani. Gogo la pili halikuwapo. Akina mama walikuwa wamesimama kama waliopigwa radi. Twaibah alikuwa amefika magotini kwenye maji, na wenzake wawili wamemshika nguo asiende.

Wanzala alimnyooshea fimbo. Fikira ya fimbo ilikuja yenyewe, kwa kuwa ilikuwa na urefu wa heshima. Nabirye aliishika. Gogo likajiviringisha, mkono wake mmoja ukateleza, fimbo ikachomoka ikaenda na maji kama ubua. Maji yakamfika kidevuni. Ndipo alipofungua mdomo, na kati ya watu wote aliowaona ukingoni akamchagua Twaibah.

"Mwambie asinishike."

Twaibah alikuwa analia. "Amesema usimshike," alisema.

"Nimesikia," Wanzala alisema, akaingia.

Alimfikia kwa kukumbatia gogo. Alimshika kiunoni. Hapo, baadaye, alikumbuka jinsi mwili wake mwenyewe ulivyoshtuka, kana kwamba ni yeye aliyeshikwa. Hakukuwa na namna ya kumvuta ubavuni, maji yalikuwa yanamtoa miguuni, kwa hiyo aligeuka akamweka mgongoni kama mama anavyombeba mtoto. Nabirye hakutaka kumshika shingo. Alikunja mikono kifuani, akabaki anayumba. Wimbi likawapiga ubavuni, na mama mkwe akatupa mikono yote miwili shingoni mwa mkwe wake akakaza mpaka pumzi ikamkatika Wanzala. Ndivyo walivyotoka, hatua kwa hatua, mbele ya akina mama wote wa kikundi cha soko la Budondo.

Alimweka kwenye nyasi akakimbia. Alikimbia kweli, mpaka nyuma ya migomba ya upande huo, akaanguka kwa magoti akatapika maji ya tope.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Hakuna aliyesema Mungu asifiwe, ingawa walikuwapo hapo walokole wa kutosha. Akina mama walisimama wakimtazama Nabirye, na baada ya muda kidogo hawakumtazama tena usoni. Waliitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Twaibah alimfunika kwa leso yake mwenyewe, akamsugua mabega, akasema ni baridi, maji ya mlimani haya, hata mimi natetemeka. Lakini macho yake nayo yalikuwa kwenye mikono. Mama mzee aliyesifu malezi alijisogeza nyuma kidogo, akiburuta miguu kwenye nyasi.

Nyuma ya migomba Wanzala alikuwa anaitazama yake. Ilitetemeka vilevile. Aliikaza, ikatetemeka zaidi. Hofu ya ugonjwa haikuwa kubwa kama hofu nyingine. Alikosa mazishi ya baba, na sasa amemshika mama. Hata Swaib hatakuwa na uso wa kurudi kuomba. Alimwona Juliet akiambiwa habari hii na watu wa basi zima, kila mmoja kwa namna yake, na akamwona Daphine akikulia Budondo akimwita mtu mwingine baba. Alikaa pale kama mtu aliyefiwa.

Conrad alifika anahema, na miavuli kwapani, kwa kuwa alisikia mayowe akiwa kwenye basi. Alielezwa kwa maneno machache. Uso ukamng'aa.

"Wanzala, wewe ni shujaa, bwana. Toka huko. Wewe na mama mukae hapa pamoja, nipige picha moja."

"Conrad, mwanangu," Twaibah alisema polepole, "weka simu mfukoni kabla sijaitupa mtoni."

Akaiweka. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba kuna jambo limetokea mbali na lile aliloelezwa, naye akakaa chini. Mvua ilianza kushuka bondeni, matone mazito, moja moja.

Ni hapo Nabirye aliposema. Hakumwambia Twaibah. Alikuwa amewapa migomba mgongo, leso imemfunika kichwa chote, na sauti ilitoka humo ndani.

"Wanzala."

Racheal alijiziba mdomo. Mama mkwe hataji jina la mkwe wake, tena kwa kinywa chake, tena akimwita. Hata mto ulionekana umepunguza kelele.

Wanzala alitema tope. "Naam, mama."

"Siku tulipomzika mzee, nilisema mtu anayetaka kuzika anashuka. Juliet akasema, mama, huko juu hakushukiki siku moja. Nikamwambia unamfichia mumeo. Tumegombana hivyo mpaka leo." Alipumua. "Mimi ndiye niliyesema kikundi kije huku. Nilitaka kuiona njia kwa macho yangu. Nilijua mko wengi mnaofanya kazi hii. Sikujua nitapewa wewe."

Twaibah alikuwa amebaki mdomo wazi. Yeye, aliyedhani ndiye aliyelichagua bonde hili kwa sababu ya picha kwenye karatasi, alikuwa amepelekwa huko kama mbuzi kwa kamba asiyoiona.

"Ya mazishi siyasemi hapa," Nabirye aliendelea. "Hayo yana wazee wake. Nasema haya ya leo. Umenishika."

"Nimekushika, mama."

"Nilikwambia usinishike."

"Ulisema."

Mikono ile ilijificha chini ya leso, lakini leso yenyewe ilitikisika.

"Haliwezi kubaki hivi. Kwenye nyumba yetu linaondolewa kwa kuku na kitambaa. Wewe unakuja navyo, mimi ninakaa ndani, na binti anasimama mlangoni, kati yetu, anavipokea. Binti mwenye mume. Aliyeachana na mumewe hawezi kusimama hapo, hata akilazimishwa. Basi ujue unakuja kufanya nini."

Wanzala alisikia kila neno, na hakulielewa hata moja. Alielewa kuku. Aliwaza atampata wapi mwenye rangi inayotakiwa, na kama kitambaa ni cheupe au cha magome ya mti. Twaibah alimfuata nyuma ya migomba, akamkuta bado amepiga magoti, tope mpaka kwenye nywele. Utani ulikuwa umemwishia, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Umeelewa alichosema?" alimuuliza.

"Nilete kuku."

"Amekurudishia mke. Hawezi kupona bila Juliet kuwa mke wako, na amelisema mwenyewe mbele yetu sote. Inuka."

Hakuinuka. Alimtazama Twaibah kama anayeambiwa habari za nchi ambayo hajawahi kufika, kisha akaanza kulia bila sauti, na Twaibah akasimama mbele yake na mwavuli, akiwazuia wengine wasimwone.

Walishuka mpaka kwenye basi kwa mstari ule ule. Wanzala alitangulia bila fimbo, Nabirye alikuwa mwisho, na wale waliokuwa katikati walitembea kwa uangalifu kana kwamba wamebeba kitu kinachomwagika.

Budondo alikwenda na Swaib, baada ya wazee kupewa taarifa na siku kupangwa. Alivaa koti alilofungia ndoa. Jogoo alimshika yeye mwenyewe, kwa kuwa Swaib aliambiwa hawezi kumshika kwa niaba. Ua ulikuwa umefagiliwa, na watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, maana habari ilikuwa imefika kabla ya basi. Walikuwa wamekaa wakiitazama mikono yake, kila mmoja, hata watoto. Jogoo alikuwa anapiga mabawa kwa nguvu, na hakuna aliyeweza kujua kama kinachotikisika ni mikono au ndege.

Juliet alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda. Nyuma yake, gizani ndani ya nyumba, ilionekana ncha ya gomesi ya mama yake kwenye mkeka, hakuna zaidi. Alipokea kitambaa akakipitisha nyuma bila kugeuka. Alipokea jogoo, akampitisha vilevile, na kutoka ndani mikono miwili ikatokea kumchukua. Wanzala akatazama chini upesi, lakini Juliet aliiona. Kwa muda mrefu aliitazama mikono ya mama yake, kisha akaitazama ya mumewe, iliyobaki hewani mitupu, vidole vimefunguka.

Maneno ya utaratibu yalikuwa yamekwisha. Hakutakiwa kusema lolote zaidi. Lakini alisogea hatua moja nje ya kizingiti akauliza kwa sauti ya chini, na uso ambao haukuwa na kicheko wala hasira.

"Ni kweli ulimbeba mgongoni?"

"Kweli."

"Mama. Mgongoni."

"Alinikaba shingo," Wanzala alisema. "Bado inauma."

Juliet alimtazama shingoni, akaona michubuko. Aliketi kwenye kizingiti ghafla, kiganja mdomoni. Alikaa hivyo mpaka Swaib akaanza kukohoa kwa wasiwasi. Kisha, bila kuondoa macho kwa mumewe, aliinua sauti kuelekea nyuma ya nyumba, akamwambia Daphine aoshe miguu na avae viatu, wanasafiri.